Kiti cha Baba na Karatasi Isiyo na Jina

Tororo,
Jumatano, 19 Agosti 1964

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Omoding,

Nakusalimu wewe kwanza kwa heshima yako, kisha Mama, kisha wote wanaolala chini ya bati lako, bila kumsahau yule ng'ombe mwenye pembe moja. Je, goti la Mama limepoa? Wimbi limekomaa, au ndege wamekwisha kulivuna kabla yenu? Na kiti chako hakijambo? Nauliza kwa dhati kabisa, maana nilipokuja mara ya mwisho niliona mguu wake wa kushoto umelegea, na mguu ule ukikatika mbele ya baraza itakuwa aibu ya muluka mzima, vijiji vyote unavyovitawala. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, nafundisha darasa la tano, na jiwe la Tororo lipo palepale ulipoliacha.

Utashangaa kuona naandika Kiswahili. Sijasahau Kiteso. Nimekumbuka sheria yako tangu ulipotoka jeshini na mistari yako mitatu begani, kwamba ya nyumbani yasemwe kwa Kiteso na ya serikali yaandikwe kwa Kiswahili. Barua hii ni ya nyumbani na ni ya serikali. Nimeshindwa kuipasua katikati, basi nimechagua lugha ya serikali, ili usije ukasema nimejificha nyuma ya lugha ya Mama.

Wesonga yuko hapa. Naam, Wesonga karani wako. Amekuja na basi la asubuhi kutoka Busia, amevaa lile koti lake la ofisi, na sasa ameketi kizingitini pangu na kofia yake juu ya magoti, akingoja nimalize kuandika. Ameniambia kwamba Jumamosi hii, mbele ya baraza, utamnyang'anya kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, na kwamba yeye, Nangila mkewe na watoto wao wataondoka katika nyumba ya karani kabla jua halijazama. Ameniomba niandike barua ya kumwombea, kwa kuwa anaamini mimi ndiye mtu pekee duniani ambaye Mzee Omoding humsikiliza hadi mwisho. Sikumwambia kwamba hata mimi hunisikilizi hadi mwisho. Amenikumbusha pia kwamba barua ya maombi huwa na ukurasa mmoja, salamu, shauri, na ombi, basi. Naona tayari nimemvunjia sheria.

Kosa analoshtakiwa nalijua. Ni ile karatasi ya kurasa nne, "Kiti Kinachotembea", iliyozagaa sokoni Busia mwezi uliopita, pande zote mbili za mpaka. Inamsimulia chifu mmoja asiyetajwa jina, ambaye kiti chake hufungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa arusini, matangani, hata kanisani, ambako huwekwa mbele ya benchi la mbele. Tena inasimulia kwamba mwaka 1960, wakati wa fujo za kodi, watu walipokuja na mienge kwa chifu huyo, walikikuta kiti peke yake uani kimewakodolea macho, na mwenyewe alikuwa ndani ya ghala la wimbi, amekaa pamoja na kuku anayeatamia, akizuia chafya. Watu wamecheka sana. Nasikia kuna wanawake sokoni wanaoigiza chafya ile.

Umekaa ukapiga hesabu, Baba. Ukasema habari ya ghala inajulikana na watu watatu tu: wewe uliyekuwa ndani, Mama aliyekufungia, na Wesonga aliyesimama mlangoni akawaambia wale watu kwamba chifu amekwisha vuka kwenda Kenya, akawaongoza yeye mwenyewe, akiimba nyimbo zao za kukutukana, hadi karibu na Busia. Mama hajui kusoma. Basi amebaki Wesonga. Ni hesabu nzuri ya afisa, lakini ina kasoro moja, nami nitaifikia.

Kwanza inanibidi nikueleze habari za kitabu.

Mwaka jana padri mmoja Mholanzi alikuwa anarudi kwao, akatugawia walimu sanduku la vitabu. Ndani yake kulikuwa na kitabu kinene cha historia ya watu wasiotaka serikali yoyote duniani. Si serikali mbaya tu, Baba, bali yoyote: ya mfalme, ya Mwingereza, ya bunge, na samahani, ya muluka. Padri alinipa kwa nia njema, nijue upotovu ulivyo ili niuepuke. Alikosea mtu wa kumpa.

Sikujua kwamba fikira hizo ni za zamani hivyo, tena ni za wasomi na waandishi. Mimi nilidhani asiyetaka serikali ni yule anayekimbilia Kenya mkusanya kodi akionekana. Kumbe wamo wazee wa Kichina wa kale, waliofundisha kwamba mtawala akitulia nyumbani kwake watu hujipanga wenyewe. Yumo mwana wa kifalme wa Urusi aliyeacha jumba na nguo za dhahabu akaenda kuishi na mafundi wa saa. Yumo Mrusi mwingine, bwana wa mashamba makubwa, mtunzi wa hadithi nene, ambaye uzeeni alijishonea viatu mwenyewe na kusema Injili yatosha, mahakama ya nini. Nilisoma nikasahau kusahihisha madaftari.

Tukakusanyika watu wanne. Mimi. Mangeni, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli. Emojong, karani wa kiwanda cha mbolea kule Osukuru. Na Kevina, mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, ambaye nitamsema zaidi. Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada nyumbani kwa mama mmoja Mjopadhola anayeitwa Abbo, anayepika ajono, ile pombe ya wimbi, nzuri kuliko zote za Tororo. Usikunje uso, Baba. Hata huyo mwana wa kifalme angeinywa.

Taabu ilianza siku ya kwanza. Kitabu kilikuwa kimoja na sisi wanne. Emojong akasema achaguliwe mtunza kitabu. Mangeni akasema mtunza kitabu ni cheo, na cheo kikiingia mlangoni serikali imeingia. Tulibishana hadi jioni, na mwisho Mangeni akachukua mkasi wake wa kukatia suruali, akakikata kitabu vipande vinne mgongoni, kila mtu akaenda na chake. Tulifurahi sana. Tuliona tumewapita Wazungu wote walioandikwa humo.

Matokeo yake yalikuwa kwamba kila mmoja wetu akawa na imani yake. Mimi nilipata mwanzo, wenye wale Wachina na Mwingereza mmoja aliyekuwa mhubiri, akaacha kanisa, akaandika kwamba serikali ni uovu na ndoa ni kifungo, kisha akaoa. Mke huyo alipofariki, akaoa tena. Nilimpenda mtu huyu. Emojong alipata Mfaransa mpiga chapa, aliyehoji kwa nini mtu mmoja amiliki na mwingine akose, na wiki ileile akachukua pampu ya baiskeli yangu akisema ni yetu sote. Nilipochukua koti lake la mvua kwa hoja hiyohiyo, alinieleza kwamba kipande chake hakikugusia mavazi. Mangeni, mtu mpole ambaye Abbo akichinja kuku yeye hutoka nje kulitazama jiwe la Tororo, alipata sura ya watu waliowatupia wafalme mabomu. Alikuwa anatusomea kwa sauti ndogo, amefumba jicho moja. Kevina alipata kipande cha mwisho, cha mahakama na magereza, nasi tukamhurumia kwa kupata sehemu isiyo na raha.

Wesonga ameuliza niko ukurasa wa ngapi. Nimemwambia wa tatu. Ametikisa kichwa kama alivyokuwa akinitikisia nilipokuwa mdogo, nikijifunza kuandika barua mezani kwake ofisini.

Nikusimulie pia siku ya maji ya moto. Wewe unajua chungu cha ajono kilivyo: watu wanakizunguka na mirija yao mirefu, na mwenye chungu anaongeza maji ya moto pole pole ili kinywaji kiendelee kutoka. Siku hiyo Abbo alikwenda msibani, akatuachia chungu na birika. Tukakaa. Tukanyonya. Ajono ikapungua. Hakuna aliyesimama, kwa sababu anayeongeza maji ndiye mwenye chungu, na mwenye chungu ndiye anayekaribisha na kufukuza, naye ana tofauti gani na chifu? Emojong alipendekeza maji yaongezwe na wote kwa pamoja. Tulilishika birika mikono minne, likatuunguza, Mangeni akaliachia, na maji yote yakamwagikia viatu vya Kevina. Abbo aliporudi alitukuta tumekaa mbele ya makapi makavu, tunajadili. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nyinyi kila siku nasema serikali hapana, serikali hapana. Sasa hata birika nawashinda?" Akaongeza maji, akatuonyesha kwamba tangu siku ya kwanza hakuna aliyetumia mkono wa kushoto, hakuna aliyepuliza ndani ya mrija, hakuna aliyesimama akinywa, na hakuna askari aliyetulazimisha. Basi akatuuliza hicho tunachokitafuta kwa Wazungu ni nini. Emojong aliandika maneno hayo katika daftari. Sisi wengine tulinywa.

Sasa nafika kwenye karatasi. Mwezi wa sita tuliona kwamba wenye fikira wa zamani wote waliandika, na sisi tunakunywa tu. Ikaamuliwa iandikwe karatasi ya Kiswahili chepesi, yenye mfano wa hapa kwetu, ya kuonyesha kwamba watu hulima, huozesha, huzika na hupatana bila mtu wa kukaa kwenye kiti. Ikaandikwa. Ikapigwa katika mashine ya stensili, nakala mia mbili. Ikapelekwa Busia siku ya soko. Hakuna aliyeinunua wala aliyeikataa, ila wauza njugu waliiona ina ukubwa mzuri, wakafungia njugu zao, na kwa njia hiyo ikafika Buteba, ikafika Kirewa, ikavuka mpaka bila kuulizwa cheti.

Umeona ninavyoandika, Baba? Ikaamuliwa. Ikaandikwa. Ikapigwa. Ndivyo serikali inavyoandika isipotaka kujulikana nani amefanya nini. Umenifundisha mwenyewe, ukinionyesha barua za bwana DC wa zamani.

Palikuwa na mabishano juu ya jina. Kevina alitaka karatasi itiwe saini. Kukatolewa hoja ndefu dhidi yake, kwamba fikira haina mwenyewe, kwamba jina ni ua linalozungushiwa shamba la wote, kwamba mwandishi anayeweka jina anajijengea kiti chake. Hoja ilikuwa nzuri kweli, Mangeni alilengwalengwa na machozi. Kevina alisema hawezi kupiga kura kwa kuwa hatupigi kura, ila siku mtu mwingine akishikwa kwa maneno hayo, aliyeyaandika aonekane. Wote tulikubali haraka, kwa vile tuliona haiwezekani.

Nakumbuka sheria yako nyingine. Barua za kuwasengenya majirani zilipoletwa ofisini bila jina, hukuzisoma. Ulimpa Mama awashie moto wa chai, ukasema asiye na jina hana shauri. Sijui kwa nini hukuwashia chai karatasi hii. Mama amesema, kupitia Wesonga, kwamba unatembea nayo katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, na kwamba hukwenda kanisani Jumapili mbili.

Jumapili iliyopita, kabla sijajua habari za Wesonga, Mangeni alichoshwa na mabishano yetu. Alisema kila mmoja anapigana na mwenzake kwa sababu ya ukurasa ambao mwenzake hana. Akavikusanya vipande vyote, akakishona kitabu upya kwa uzi wa suruali, mshono maradufu, na akakiweka kwa Abbo, yeyote akisome palepale. Hapo ndipo Kevina alipotusomea sehemu yake. Alisoma habari za mwalimu mmoja wa kike wa Ufaransa, mwalimu wa watoto wadogo kama yeye, aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Angeweza kusema hakuwepo. Alikubali yote aliyoyafanya, akakataa kutetewa, akawaambia kama si waoga wamuue. Hawakumuua, walimpeleka kisiwa cha mbali sana, na huko akaanzisha shule. Kevina akafunua kurasa nyingine, na kila mmoja aliyemsoma, bwana na mwana wa bwana, alikuwa na jina lake chini ya maneno yake na miaka yake ya jela pembeni. Hakutazama mtu alipokuwa akisoma. Mimi nilitazama viatu vyake, ambavyo bado vina alama ya maji ya moto.

Ndipo leo saa tano Wesonga akapiga hodi.

Nilimkaribisha, nikampa kiti, akakikataa akakaa kizingitini. Alitoa karatasi mfukoni, ina mafuta ya njugu, akaiweka mezani pangu. Alisema, "Huyu mtu najua kuandika sana. Lakini hadithi yenyewe iko nusu tu." Nikamuuliza nusu nyingine iko wapi. Akanisimulia kitu ambacho wewe, Baba, hujawahi kumwambia mtu, wala Mama hakijui.

Alinisimulia kwamba siku ya nne baada ya zile fujo, afisa wa polisi Mwingereza alikuja na lori na askari wageni kutoka mbali, akakuweka kwenye kiti chako uani, akataka majina ya watu wote waliokuja na mienge. Wesonga alikuwa mkalimani, kalamu mkononi. Alijua kwamba uliwajua wote, kwa kuwa ghala lina nyufa na sauti za watu wa muluka wako unazijua hata wakipiga mluzi. Alijua kwamba kati yao walikuwemo waliokula mezani kwako Krismasi. Kwingine machifu walitoa orodha ndefu, watu wakapelekwa jela. Wewe ulisimama kutoka kwenye kiti, ukamwambia Mwingereza yule, mbele ya askari wake, kwamba huna jina la kumpa, kwa sababu siku hiyo ulikuwa umejificha ndani ya ghala la wimbi pamoja na kuku. "Mle ndani ni giza. Sikuona mtu." Afisa alicheka. Askari wakacheka. Akakuuliza mara tatu, nawe mara tatu ukajibu vilevile, na kila mara walicheka zaidi. Kisha wakapanda lori lao wakaenda, wala hawakuonekana tena mulukani, ndiyo maana hukuwahesabu. Wesonga anasema uliketi pale kwenye kiti mpaka ng'ombe wakarudi, ndipo ukamwambia aandike kwamba shauri limefungwa.

Baba, nimesoma kitabu kizima sasa, kutoka Wachina hadi magereza. Nimemtafuta mtu aliyeinyima serikali majina ya jirani zake huku amevaa kofia ya serikali hiyohiyo kichwani, tena akalipa kwa kuchekwa. Sikumpata. Alikuwa kwetu, amekaa kwenye kiti, nami nikaandika kurasa nne za kumcheka.

Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Si Wesonga. Si Mangeni wala Emojong, ambao waliisoma tu ikiwa imekwisha, na si Kevina, aliyenionya. Niliiandika peke yangu kwa siku mbili, kwenye meza hii hii. Habari ya ghala Mama alinisimulia likizo ya Pasaka mwaka ule ule wa fujo, nikiwa bado chuoni, huku akicheka na kunisihi nisikwambie kwamba najua. Ndiyo maana hesabu yako ilikosea: watu hawakuwa watatu, tulikuwa wanne, na wa nne ulikuwa unamlipia karo. Ile hoja ndefu ya jina kuwa ua wa shamba ilikuwa yangu. Ilikuwa nzuri kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikuogopa wewe, na nilitaka wakati huohuo watu wakuone mdogo, ili nisiwe mimi peke yangu niliye mdogo mbele ya kile kiti. Nasikitika, Baba. Nimejaribu kuandika maneno makubwa zaidi ya hayo, sikuyapata.

Nilimuuliza Wesonga kama anajua mwandishi ni nani. Alizungusha kofia yake magotini, akasema alijua tangu ukurasa wa pili, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kupanga shauri katika barua, na mtu hamsahau mwanafunzi wake. Nikamuuliza mbona basi hakukwambia, akajiokoa yeye na Nangila na watoto. Alisema ulimuuliza kweli, Jumatatu, umemshika kola, nani mwingine anaijua habari ile. Naye alikujibu: "Sikuona mtu."

Nadhani uliyatambua maneno hayo. Wesonga anasema ulimwachia kola, ukaingia ndani, na tarehe ya baraza hukuifuta.

Kwa hiyo, hili ndilo ombi, ingawa liko ukurasa wa saba badala ya wa kwanza. Jumamosi usimwondoe Wesonga. Barua hii isomwe mbele ya baraza, kwa sauti, na asome yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye karani. Ile nusu ya hadithi aliyonipa leo isomwe pia, hata kama utakunja uso, kwa sababu wamo pale watu ambao hawajui kwa nini hawakwenda jela. Mimi nitapanda basi Ijumaa jioni, masomo yakiisha. Nitaketi chini, mahali palipotengwa kwa ajili ya Wesonga, na utakalolisema juu yangu nitalisikiliza hadi mwisho. Ukitaka nisirudi nyumbani kwa muda, sawa. Ukitaka mwalimu mkuu wangu aambiwe, nitamwambia mwenyewe Jumatatu, maana stensili zilikuwa za shule. Ila nakuomba usije barazani bila kiti. Nakuja na gundi na misumari miwili, nitautengeneza ule mguu wa kushoto kabla watu hawajafika.

Kuhusu serikali, sijabadili mawazo yangu yote, ni vizuri nikwambie mapema. Bado naona benchi la mbele kanisani linatosha, na kiti kibaki nje na baiskeli.

Msalimie Mama, umwambie simlaumu, ila Jumamosi aje asikie nusu ambayo hata yeye hakuijua. Msalimie Nangila, umwambie asifunge mizigo. Kevina ameleta chai ya Wesonga sasa hivi, na amesema nikusalimie kwa adabu zote. Ndiyo mara yake ya kwanza kunisemesha tangu Jumapili. Goti la Mama lipakwe mafuta ya moto, na yule ng'ombe apelekwe malishoni mapema kabla jua halijawa kali.

Wesonga amemaliza kuisoma barua yote hapa kizingitini, kidole kikifuata mistari. Amesema ni ndefu kupita kiasi, shauri limechelewa, na ombi limewekwa mahali pasipo pake. Hata hivyo, kwa kuwa ina jina chini, itapokelewa.

Ni mimi mwanao, mwandishi wa barua hii na wa karatasi ile pia,

Matayo Otai,
mwana wa Omoding na Amuge,
mwalimu wa darasa la tano, Tororo.